Jinsi ya kwenda kuzuru kaburi la West Kennet, kaburi la miaka zaidi ya 5,600 huko Wiltshire

Jamani hili swali nimeulizwa mara nyingi sana na ndugu na marafiki walioko huku Uingereza, na hata wale wanaokuja kutembea wiki mbili tu wakarudi nyumbani, kwamba lile kaburi la kale unalolisema kila siku unafikaje, kiingilio ni shilingi ngapi, na mule ndani kuna nini cha kuona. Leo nimekaa niandike yote sehemu moja. Nimeenda pale zaidi ya mara kumi, nimeenda kiangazi, nimeenda Januari kukiwa na barafu, nimeenda peke yangu na nimeenda na mama yangu mzazi alipokuja kutoka Tanga, kwa hiyo naandika kitu ninachokijua kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwanza ujue unaenda kwa nani. West Kennet ni kaburi la tuta refu, liko Wiltshire, kusini kidogo ya kijiji kinaitwa Avebury, na lilijengwa karibu na mwaka 3650 KK. Waliolijenga walikuwa wakulima na wafugaji, watu wa ngano na ng'ombe, hawakuwa na chuma, hawakuwa na shaba, walikuwa na mashoka ya mawe, pembe za kulungu za kuchimbia udongo, kamba, magogo na mikono yao basi. Wakati wanalijenga, yale mawe makubwa ya Stonehenge yalikuwa bado zaidi ya miaka elfu moja kusimamishwa, na Misri piramidi kubwa ya Giza ilikuwa haijawazwa na mtu. Ndani kuna vyumba vitano vya mawe na walikutwa watu wasiopungua 36, wanaume, wanawake na watoto.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mi ndo kilichonifanya nilipende hili kaburi kuliko mengine yote niliyoenda, ni kwamba vipimo vya kaboni vya kujua umri wa mifupa, vilivyotolewa mwaka 2007, vimeonyesha wale watu karibu wote waliwekwa humo ndani ya muda mfupi sana, kama miaka 30 hivi au pungufu. Yani kizazi kimoja tu. Mtu aliyeshuhudia tuta linajengwa akiwa kijana angeweza kumuona wa mwisho wao anaingizwa. Alafu mazishi yale yakaisha. Lakini watu hawakuacha kuja, waliendelea kuja zaidi ya miaka elfu moja, wakileta udongo, chaki, vyungu, shanga, mifupa, wanaviweka humo humo kwenye vyumba mpaka vikajaa hadi karibu na dari, mwisho kabisa ndo wakasimamisha mawe makubwa mlangoni wakafunga. Kwa hiyo ukipiga hesabu, historia kubwa ya lile kaburi ni ya wageni, watu ambao hawakuwajua marehemu kwa sura wala kwa jina ila waliona wanapaswa kuja. Ukienda we ni mmoja wao, uko kwenye msafara mrefu sana. Nenda ukijua hivyo na kila kitu kingine kitakaa sawa.

Haya, safari yenyewe. Ukitokea London panda treni Paddington mpaka Swindon, ni kama lisaa limoja hivi, alafu toka nje ya stesheni utafute basi namba 49 linaloelekea Devizes, hilo linapita Avebury kwenyewe, nusu saa hivi unashuka. Angalia ratiba siku moja kabla, hasa ukienda Jumapili, mabasi ya vijijini huku sio daladala za Mbagala kwamba likikupita linakuja lingine, likikupita umekaa. Na kabla hata hujaanza kutembea piga picha ratiba ya kurudi pale pale kituoni, maana netiweki kule bondeni inakuja na kuondoka.

Ukishashuka Avebury una chaguo la kutembea mpaka kaburini, njia inafuata kijito cha Kennet ikipita pembeni ya kilima cha Silbury, ni kama dakika 45 mpaka lisaa kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayeangalia angalia vitu. Mi ndo njia ninayoipendekeza, kwa sababu kaburi unaliona likiwa mbali juu ya mgongo wa kilima kabla hujalifikia na linakupa muda wa kutulia. Ila kuna sehemu unavuka barabara ya A4, hapo magari yanakimbia kweli kweli na hakuna taa wala zebra, shika mtoto mkono, subirini pawe peupe kabisa.

Wenye gari kuna sehemu ndogo ya kupaki pembeni ya hiyo hiyo A4, kati ya Marlborough na Calne, mkabala na njia ya kwenda kaburini. Inabeba magari machache, wikendi ya jua inajaa mapema, na usiache begi wala laptopu inaonekana kwenye siti. Pakijaa usilazimishe kupaki majanini, nenda kapaki Avebury kwenye maegesho ya kulipia ya National Trust, shirika la kutunza maeneo ya kale na ya asili, kisha tembea.

Kiingilio hakuna. Hakuna geti la tiketi, hakuna mlinzi, hakuna taa, hakuna duka na hakuna choo. Narudia hakuna choo, cha mwisho ni kile cha Avebury, kwa hiyo wenye watoto na wazee malizeni kabisa kabla hamjaanza safari. Pako chini ya English Heritage, shirika jingine la kutunza maeneo ya kale, ila wanaopasimamia kwa niaba yao ni hao hao National Trust, na unaruhusiwa kuingia wakati wowote kukiwa na mwanga wa mchana, na hapa ndo watu wanaotoka nyumbani wanakosea, kwa sababu sisi tumezoea jua linazama saa kumi na mbili mwaka mzima. Huku mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza limeingia, na mwezi wa sita mpaka saa tatu na nusu usiku bado unaona njia. Panga safari kwa jua, saa ya mkononi haikusaidii.

Viatu sasa. Ile ardhi ni chaki chini na udongo juu, ikilowa inateleza kama sabuni na inanata kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito. Vaa buti za kutembelea au hata gambuti, usiende na raba nyeupe. Mara ya kwanza mi nilienda na viatu vya kazini kwa sababu nilikuwa natokea kazini moja kwa moja, nilifika nimelowa mpaka soksi, na badala ya kuangalia mawe nikawa naangalia miguu yangu, nikakaa ndani dakika tano nikatoka. Nilisafiri masaa yote yale nikakaa dakika tano. Ndo maana nasisitiza. Chukua na koti la mvua hata kama asubuhi kumekucha jua, pale juu ni wazi hakuna mti wa kujikinga na upepo unapiga. Chukua tochi ya kweli, ya simu itakusaidia ila itakula chaji na mikono yote miwili utaihitaji. Themosi ya chai ya tangawizi pia, ila hiyo utainywa nje, nitaeleza kwa nini.

Kutoka barabarani unaingia kigeti kidogo kile cha kupita mtu mmoja mmoja ambacho ng'ombe na kondoo hawawezi, unateremka kidogo, unavuka kijito cha Kennet kwa kidaraja. Usishangae ukikuta kimekauka, sehemu hii ya juu ya mto huwa inakauka kiangazi alafu maji yanarudi kipindi cha baridi, na ni mto huo huo ambao baadae unaenda kumwaga Thames pale Reading. Kuna mwaloni njiani utauona umefungwa vitambaa na riboni za rangi, watu wanafunga kwa maombi yao, usivifungue. Kisha njia inapanda taratibu katikati ya mashamba, mara nyingi ngano au shayiri kushoto na kulia. Kaa kwenye njia, hilo ni shamba la mtu, na hiyo ndo mvua yake na jasho lake la mwaka mzima. Geti ukilikuta limefungwa lifunge nyuma yako, ukiwa na mbwa mfunge kamba. Dakika 15 mpaka 20 umefika.

Ukifika utaona kwanza kama tuta la viazi la jitu, refu, limefunikwa majani, urefu wake ni kama mita 100. Wengi wanakimbilia mlangoni. We usikimbilie. Tembea kwanza pembeni yake mwanzo mpaka mwisho, polepole, ukihesabu hatua zako kama unapenda, ili mwili wako uelewe ni kazi ya kiasi gani watu walifanya kwa pembe za kulungu. Pande zote mbili za tuta palikuwa na mitaro mirefu ambako ndiko chaki ilikotoka, leo imejaa udongo huioni tena kwa macho. Na fikiria rangi, wakati linamalizika lilikuwa halina majani, lilikuwa chaki tupu, jeupe, juu ya kilima, linaonekana toka mbali. Alafu utashtuka kujua kwamba vyumba vyenyewe vinaingia ndani kama mita 12 tu. Tuta mita 100, vyumba mita 12, na vyote viko upande wa mashariki. Sehemu kubwa iliyobaki ni chaki na udongo tu, hakuna mtu. Mi nikiangalia naona walitaka lionekane kubwa kuliko lilivyohitajika, kama sisi tunavyoweka mashahidi kwenye kaburi ili apitaye ajue hapa pana mtu.

Mlango unatazama mashariki, jua linapotoka. Mbele yake yamesimama mawe makubwa ya saseni, ni mawe magumu ya mchanga yanayopatikana maeneo yale yale, kubwa lao limepita kimo cha mtu mrefu karibu mara mbili. Hayo ndo mawe ya kufungia niliyosema, kwa hiyo mlango huuoni ukiwa mbele, inabidi uzunguke nyuma ya lile jiwe la katikati upenye kati yao.

Hapo kabla ya kupenya, nikueleze alichofanya mama. Mama alikuwa na miaka 68 wakati ule, amepanda kile kilima na gongo lake na kanga mbili juu ya koti, tumefika mlangoni mi nataka niingie na tochi yangu, akanishika mkono, "Mwanangu, unaingia kwa watu hivyo hivyo?" Nikasimama. Akasema "Hodi wenyewe," akanyamaza kidogo, akasema tena "Hodi." Alipopiga ya tatu ndo akaniambia haya twende. Nilikuwa nimeshaingia mule labda mara nne, sijawahi kupiga hodi hata siku moja. Toka siku ile sijawahi kuingia bila kupiga hodi, na we nakuomba ufanye hivyo au ufanye kinachofanana na hicho kwa mila yenu, hata kama ni kunyamaza tu sekunde kumi. Wageni wengine wakikusikia watanyamaza na wao, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Ukiingia, zima tochi. Najua nimekwambia ubebe, lakini zima kwanza. Unatoka kwenye mwanga mkali wa kilimani, macho yanahitaji dakika tano au zaidi kuzoea, na ukiwasha tochi mapema utaona duara moja jeupe ukutani na giza kila mahali kwingine. Simama tu kwenye njia ya katikati. Unasimama wima, dari iko juu ya kichwa cha watu wengi, ila angalia mlangoni usigonge kipaji. Kuna baridi ya kisimani, kuna harufu ya chaki mbichi, na baada ya mvua kuna vidimbwi chini, ndo utanikumbuka na buti. Sauti ya upepo inakatika ghafla kama mtu kafunga dirisha. Kule mwisho kabisa kuna mwanga hafifu unatoka juu, hicho ni kioo kilichowekwa kwenye dari miaka ya 1950 walipomaliza kuchimba na kukarabati, sio cha wale wazee.

Nenda moja kwa moja mpaka chumba cha mwisho kwanza kisha rudi ukitoka nje, usianze na vya mlangoni. Sababu ni kwamba watu wote wanaanza na vya mlangoni, panabanana, mwisho kunakuwa na nafasi, na pia macho yako yanakuwa yamezoea ukifika kwenye vyumba vya pembeni. Vyumba viko hivi: kimoja mwisho, kinatazama njia, kisha viwili viwili vinatazamana kushoto na kulia. Mama alipoviona vya pembeni akasema "kumbe na wao waliweka mwanandani." Nikacheka kwa furaha maana sikuwa nimefikiria, lakini ni kweli, shimo kuu alafu nafasi ya pembeni ambako ndiko anakolazwa mtu. Sisemi ni mila moja, kati yao na sisi hakuna uhusiano wowote, ila mtu wa Pwani akiingia pale atakielewa kile chumba haraka kuliko watalii wengi.

Sasa washa tochi, ila iweke chini ya ukuta imulike pembeni, usiielekeze mbele ya jiwe moja kwa moja. Mwanga wa pembeni unainua kila mkwaruzo. Angalia mawe makubwa yaliyosimama, alafu angalia kati ya jiwe na jiwe, utaona vipande bapa vya mawe vimepangwa kimoja juu ya kingine kama vitabu vilivyolazwa, bila udongo wa kushikiza. Hayo mawe membamba hayapatikani pale kilimani kabisa, ni mawe ya chokaa yaliyoletwa toka mbali, kilomita nyingi. Walikuwa na mawe ya kutosha karibu yao lakini walitaka haya. Weka uso wako karibu na ukuta uone jinsi kila kipande kilivyochaguliwa unene wake, mtu alikaa pale akijaribu, akitoa, akiweka kingine. Sehemu nyingine zimerudishiwa na wakarabati, lakini mpango ni ule ule.

Kuna kitu kingine cha kutafuta, kwenye mojawapo ya yale mawe ya saseni kuna sehemu laini, laini kabisa kama sahani, katikati ya jiwe ambalo sehemu nyingine zote lina mparuzo. Hapo watu walinoa mashoka yao ya mawe. Sikwambii liko wapi, litafute kwa mwanga wa pembeni, na ukilipata pitisha mgongo wa mkono wako kwa wepesi, utasikia tofauti. Jiwe la kunolea la kijiji likaja kuwa ukuta wa kaburi.

Na chumba cha kulia ukiwa unaingia, kile cha kwanza upande wa kaskazini mashariki, simama hapo kidogo. Humo alikutwa mzee wa kiume, na karibu na koo lake kulikuwa na ncha ya mshale ya jiwe. Wachimbaji walifikiri huenda ndo uliomuua. Mtu alipigwa mshale, akachukuliwa, akaletwa hapa na watu wake wakamlaza kwa heshima. Kuhusu wengine, mifupa mingi ilikuwa imesogezwa na kupangwa upya, na baadhi ya mafuvu na mifupa mirefu haikuwepo, inaonekana kuna wakati watu waliingia wakachukua, kwa sababu zao ambazo zilikuwa na maana kwao. Mchimbaji wa kwanza wa kisasa alikuwa daktari John Thurnam mwaka 1859, alifikia chumba cha mwisho, na kazi kubwa ikafanywa na Stuart Piggott na Richard Atkinson mwaka 1955 na 1956, hao ndo walikuta vile vyumba vinne vya pembeni bado vimejaa kama vilivyoachwa. Marehemu wenyewe hawamo tena, ujue hilo mapema usije ukaingia ukitegemea kuona mifupa. Ila mi kwangu bado ni kaburi, na mama alisema vile vile, nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu hata kama kahama.

Ndo maana mambo ya adabu nayasema bila kuzunguka. Usiwashe mishumaa mule ndani, hata ile midogo ya kwenye kibati. Utakuta alama nyeusi za masizi juu ya mawe na mabaki ya nta, ni watu wenye nia nzuri ndo walifanya, lakini moto unapasua uso wa jiwe na masizi hayatoki. Usiandike, usikwaruze, usiokote hata kijiwe. Utakuta watu wameacha maua, manyoya, matunda kwenye nyufa, we usiongeze na pia usiyatupe tupe, kama unataka kuacha kitu acha dua yako. Kula na kunywa ni nje. Usipande juu ya mawe ya mlangoni kwa ajili ya picha. Kiangazi kuna mbayuwayu wanajenga viota kwenye dari, watakupita sikioni kwa kasi wakiingia kulisha watoto, usiogope na usisimame muda mrefu chini ya kiota maana mama anashindwa kuingia.

Na ukikuta mtu mule kakaa peke yake kafumba macho, mpe dakika zake, subiri nje. Watu wanakuja pale na misiba yao. Siku moja nilimkuta mzee mmoja wa kizungu kakaa chumba cha mwisho na kofia mkononi, tukasalimiana kwa kichwa tu, nikatoka nikakaa majanini nusu saa. Alipotoka aliniambia asante, basi, akaenda zake.

Muda gani mzuri? Mi nasema siku ya kazi, asubuhi mapema, mwezi wa tano au wa tisa. Jua la asubuhi linaingia mlangoni na kufika ndani zaidi kuliko unavyodhani. Karibu na tarehe 21 mwezi wa sita Avebury hujaa watu wanaokuja kusherehekea jua, wengine wanalala huko huko, kama unataka utulivu kwepa siku hizo. Kipindi cha baridi kuna uzuri wake, hakuna mtu, mashamba yako wazi unaona umbo la ardhi yote, ila nenda na mwenzako.

Ukitoka ndani panda pembeni ya tuta mahali njia ilipo, uangalie kaskazini. Kile kilima cha mviringo kama chungu kilichofunikwa ni Silbury, kimo chake kinapita mita 30, na chote ni kazi ya binadamu, kilijengwa karibu na 2400 KK, hakuna kikubwa kama hicho Ulaya cha zama hizo. Hakuna kaburi lililowahi kupatikana ndani yake. Huruhusiwi kukipanda na ni kwa sababu ya msingi, mwaka 2000 juu yake palifunguka shimo kwa sababu ya kisima walichochimba watafutaji wa mwaka 1776. Kiangalie tu kwa mbali unywe chai yako.

Avebury yenyewe mkirudi mna mduara wa mawe mkubwa kiasi kwamba kijiji kimo ndani yake, tengeni masaa mawili, sitaueleza hapa maana unastahili andiko lake.

Kwa walioko nyumbani mnaosema hayo ni ya kwenu huko, nendeni Hyrax Hill pale Nakuru, ukitokea Nairobi iko kabla tu ya kuingia mjini, kuna makumbusho madogo na kuna makaburi ya mawe ya wafugaji wa zamani ambayo Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, aliyachimba mwaka 1937 na 1938. Na ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako watu wote tunakimbilia simba na faru, kuna makaburi ya mawe ya wafugaji pia, mwulize guide wako. Hodi inafanya kazi kote.

La mwisho, kama una nusu siku iliyobaki usirudi Swindon, panda lile lile 49 uendelee mbele mpaka Devizes, ushuke uende Wiltshire Museum. Hapo kuna kiingilio na angalia siku wanazofungua kabla hujaenda. Tafuta kabati lenye vitu vya West Kennet, vile walivyokuja navyo wale wageni wa baadae, shanga na vyungu vilivyovunjika. Wengi wanapita haraka kwa sababu ni vigae tu vya rangi ya udongo. We inama. Kwenye vyungu vya aina ile utaona vimepambwa kwa kukandamiza kamba, mfupa wa ndege, na vingine vimepambwa kwa kucha, mfinyanzi amebonyeza kucha yake kwenye udongo ukiwa bado mbichi, mstari baada ya mstari. Weka kidole chako upande wa pili wa kioo ulinganishe.